Piano si Polepole

Jumba la kanisa tunamofanyia mazoezi hapa Kisumu halina dari. Ukiinua macho unaona mbao na mabati, na Alhamisi ile mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, matone bado yakidondoka ndani ya ndoo tuliyoitega karibu na soprano. Tulikuwa tumefika ukurasa wa tatu, mahali palipoandikwa p, kifupi cha neno la Kiitaliano piano, yaani sauti ya chini. Nikashusha kiganja na kusema, "Polepole." Watu 32 wakashusha sauti vizuri mno, nyororo hadi ndoo ikasikika. Papo hapo wimbo ukaanza kuburuta miguu. Kufika mstari wa pili mpiga kinanda alikuwa ameshatuacha kwa pigo zima.

Nikapiga makofi, tukasimama. Mama mmoja wa alto, aliyeanza kuimba kwaya kabla sijazaliwa, akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, si umesema polepole?"

Nilisema. Na yeye alitii. Kosa lilikuwa langu, na nilipolifuatilia nikaona halikuanza na mimi.

Polepole ya Kiswahili ina kazi mbili. "Endesha polepole" ni habari ya mwendo. "Ongea polepole, mtoto amelala" ni habari ya sauti. Nyumbani hatuchanganyikiwi, maana mtoto aliyelala ameshatueleza ni polepole ipi. Katika wimbo hakuna mtoto aliyelala, kwa hiyo mwili unafanya yote mawili: sauti inashuka na mwendo unashuka nayo. Kinachonivutia ni kwamba Waitaliano, wenye neno lao, wana mtego uleule. Piano katika mazungumzo yao ya kila siku ni taratibu, na pia ni kwa sauti ya chini. Wana hata methali isemayo kwamba aendaye piano huenda salama na hufika mbali, sawa kabisa na polepole yetu ambayo ndiyo mwendo. Muziki ulilichukua neno hilo lenye kazi mbili ukaliachia moja tu. Juu ya karatasi ya nota, piano haihusu mwendo hata kidogo.

Mwaka 1597 huko Venice, Giovanni Gabrieli alichapisha kipande cha vyombo, karibu vyote vya kupuliza, na kukipa jina linalotaja piano na forte, yaani kwa nguvu. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa kuandikwa alama hizo. Wapigaji wake wamegawanywa makundi mawili. Kundi moja likipiga peke yake, pameandikwa piano. Yakiungana yote mawili, forte. Tazama jinsi maana ilivyo wazi pale: piano ni wachache, forte ni wengi, na mwendo ni uleule. Karibu mwaka 1700 Bartolomeo Cristofori wa Florence akaunda kinanda ambacho, tofauti na vingi vilivyokuwapo, kingeweza kupigwa kwa sauti ya chini au ya nguvu kulingana na uzito wa kidole. Kikaitwa kinanda chenye piano na forte. Jina likafupishwa likafupishwa, hadi leo tunasema piano tu.

Ukutani, nyuma ya kabati letu la vitabu, palikuwa na karatasi iliyonakiliwa mara nyingi hadi herufi zikaanza kuvimba. Kichwa chake: Maana za Istilahi za Muziki. Nimeziona karatasi za namna hiyo Nakuru, Kakamega na Siaya, shuleni na makanisani, na wanafunzi wa muziki wa sekondari huzikariri kama jedwali la kuzidisha. Yetu ilisema hivi: Largo, polepole sana. Lento, polepole. Adagio, polepole. Andante, polepole kiasi. Ukishuka chini kidogo, Piano, polepole. Maneno matano, neno moja la kuyabeba yote. Mwimbaji akishaisoma karatasi hiyo anakuwa amepoteza mambo matano kwa mkupuo.

Hayo si maneno ya siri. Kwa mtu wa Italia ni maneno ya sokoni. Largo ni pana, kama barabara pana au nguo isiyobana. Adagio ni kwa starehe, bila kusukumwa. Andante inatokana na kwenda: ni kitu kinachokwenda. Anayeambia kwaya kwamba andante ni polepole kiasi ameipa breki, ilhali neno lenyewe linaondoka. Mimi nikitaka kuifundisha nawaambia wakumbuke mama anayetoka ufuoni Dunga asubuhi na beseni la samaki kichwani. Hakimbii, wala hatembei polepole. Anakwenda. Shingo imetulia, miguu inafanya kazi, na maji ndani ya beseni hayamwagiki. Nikisema hivyo besi, ambao kwa kawaida huchelewa, hunyoosha migongo.

Allegro ndiyo inayonikera zaidi. Karatasi zote zinasema "haraka". Kwa Kiitaliano ni mchangamfu, mwenye furaha. Kwaya ikiambiwa haraka, inakaza taya, inameza silabi, inatafuta mwisho wa wimbo kama abiria anayetafuta matatu ya mwisho kwenda Ahero. Ikiambiwa changamfu, mwendo unapanda wenyewe na maneno yanabaki mdomoni yakiwa mazima. Nimejaribu njia zote mbili kwa watu walewale, jioni ileile.

Hata hivyo kuna mtu mkubwa aliyelipinga wazo hili langu, na sitaki kumpita kimya. Ludwig van Beethoven, katika barua ya mwaka 1817, alilalamika kwamba allegro maana yake ni furaha, ilhali mara ngapi kipande chenye neno hilo juu yake hakina furaha yoyote. Alifikiria kuyaacha maneno hayo kabisa na kutumia namba za metronomu, chombo cha kupimia mapigo ambacho Johann Maelzel alikuwa amekipatia hataza mwaka 1815. Hoja yake ina uzito. Namba 120 ni mapigo 120 kwa dakika, iwe Vienna au Kondele, na hakuna wa kubishana nayo. Lakini soma vizuri alichokuwa akilalamikia: kwamba neno linabeba hali ya moyo, na watu wamelifanya kipimo cha mwendo. Alitaka mwendo upewe namba yake ili hali ya moyo ibaki na maneno. Karatasi yetu ya ukutani imefanya kinyume. Imeitupa hali ya moyo, na namba pia haikuileta.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelifikiria miezi mingi, nalo linahusu sarufi yetu wenyewe.

Maneno mengi ya nota yanaishia kwa -ndo. Crescendo, diminuendo, ritardando, accelerando, morendo. Karatasi zinayatafsiri kwa majina: ongezeko la sauti, upungufu wa sauti. Au vibaya zaidi, "crescendo: sauti kubwa". Matokeo yake unayasikia kwenye mashindano yoyote ya kwaya. Kwaya inafika penye crescendo na kuruka juu ghafla, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto; ikishafika juu haina pa kwenda tena, na bado kuna mistari minne. Lakini ile -ndo ya Kiitaliano inaonyesha kitendo kikiendelea, na Kiswahili kina silaha ya kazi hiyo hiyo: -ki-. Crescendo ni ikikua. Diminuendo, ikipungua. Ritardando, ikichelewa. Accelerando, ikiharakisha. Morendo, ambayo wanafunzi huiogopa bure, ni ikifa tu.

Ikikua ni kitu ambacho bado ni kidogo. Mahindi yakikua hayajakomaa. Mwimbaji anayeelewa kwamba neno lile ni ikikua anajua, bila kuelezwa na mtu, kwamba penye mwanzo wa crescendo anatakiwa kuwa chini, awe na nafasi ya kupanda. Nimefundisha kwa Kiingereza na nimefundisha kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza tafsiri inaelekea kwenye sauti kubwa na watu wanaikimbilia. Kwa -ki- wanangoja. Silabi moja imefanya kazi ambayo mkono wangu wa kushoto ulishindwa kuifanya miaka sita.

Forte nayo ina kisa chake katika nchi ya mabati. Mvua ya Kisumu ikianza kupiga paa, mtoto wa Shule ya Jumapili anajifunza haraka kwamba ama apige kelele ama asisikike. Tukakua na koo hizo. Halafu karatasi ikatuambia forte ni sauti kubwa, nasi tukaona tayari tumehitimu. Forte ni yenye nguvu. Nguvu na kelele tunazitofautisha vizuri katika mambo mengine yote. Hakuna anayesema fahali ana nguvu kwa sababu analia. Niliwahi kusimama jukwaani na kwaya iliyoimba ukurasa mzima wa forte kwa koo zilizofura, na mwamuzi, katika maelezo yake, akasema kwa ufupi kwamba alisikia sauti nyingi lakini hakusikia wimbo. Niliumia siku mbili. Siku ya tatu nikawaomba tenori waimbe ukurasa ule kwa mdomo uliofunguliwa nusu tu, nguvu ikitoka tumboni. Mbavu zikafanya kazi. Ukumbi ukajaa, na hakuna mshipa wa shingo uliotokeza.

Watu wa magharibi mwa Kenya wana uzoefu mrefu wa somo jingine la muziki wa Ulaya, nalo linaonyesha kwamba maana inaweza kutolewa vizuri zaidi. Nazungumzia solfa, kuimba kwa silabi za do, re, mi. Mtawa Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini, ut (ambayo leo ni do), re, mi, fa, sol, la, ili wanakwaya wajifunze nyimbo haraka. Miaka mingi baadaye Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alitengeneza njia ya kuziandika kwa herufi, na mhubiri John Curwen akaieneza Uingereza katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya watu wasio na fedha za vyombo wala walimu. Wamishenari wakaja nayo. Misheni ya Kaimosi ilianzishwa 1902, ya Maseno 1906, na kuanzia siku hizo hadi sasa kitabu cha nyimbo chenye d, r, m, nukta mbili kati ya mapigo na kistari cha kuvuta sauti ni kitu cha kawaida mkononi mwa mkulima wa Vihiga.

Uzuri wa solfa uko hapa: do haina mahali pake pa kudumu. Inakaa pale mwalimu anapoiweka. Akisema "do ni D", basi leo nyumba iko D, na mi ni mi kwa sababu ya umbali wake kutoka do, basi. Maana ya kila noti ni uhusiano wake na jirani zake. Muulize mwimbaji wa Vihiga maana ya ti. Hatakupa sentensi. Atakuimbia ti, ataiacha ikining'inia, na wewe mwenyewe utaitamani do hadi umwimbie. Sijaona kamusi iliyoeleza noti ya saba vizuri namna hiyo. Mwimbaji yule hajui kwamba ametoa maana ya istilahi, lakini ametoa.

Ndiyo maana nashangaa kwamba watu walewale, wakifika kwenye maneno ya Kiitaliano, wanarudi kukariri.

Kuna kosa la upande wa pili, na siku hizi ndilo linalopigiwa makofi zaidi. Mtu anasimama kwenye semina na kusema haya yote tulikuwa nayo. Ostinato ni nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo; hemiola ni isukuti, ngoma ya Waluhya; kadenza ni pakruok, majigambo ya Wajaluo katikati ya muziki. Watu wanashangilia, mimi pia moyo wangu unafurahi kwanza. Kisha nasikiliza tena, na naona kwamba tumefanya lilelile la polepole, ila safari hii waliopotezewa maana ni jathum, yaani mpiga nyatiti, na wapigaji wa ngoma.

Tuanze na linalokubalika. Rubato ni muda ulioibwa: mwimbaji anachelewesha hapa, anawahi pale. Wapiga piano wengi wachanga wanaichukua kuwa ruhusa ya kuyumba. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba mwalimu wao alidai mkono wa kushoto ushike mapigo kama kondakta, wa kulia ndio uwe huru. Sasa mtazame mpiga nyatiti. Amekaa kwenye kigoda kifupi, nyuzi nane mbele yake, njuga za gara mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, anayogongea ubao wa chombo. Chuma kile hakimsubiri mtu. Juu yake sauti inazungumza, inachelewa, inakimbilia jina la marehemu, inarudi nyuma. Hiyo ni rubato kwa namna ileile aliyoitaka Chopin, muda ukiibwa mbele ya mwenye mali aliye macho. Mwanafunzi wa piano wa Nakuru au Kisumu aliyewahi kumtazama mpiga nyatiti kwa karibu ana mwalimu bora wa rubato kuliko rekodi yoyote.

Ostinato inakubalika nusu. Maana yake ni kaidi: umbo dogo la sauti linalorudiwa bila kukubali kubadilika. Kwenye kanoni maarufu ya Pachelbel, noti nane za besi zinarudi mara 28 na hazibadiliki hata moja. Nyatiti nayo inarudia, lakini haikaidi hivyo. Kila mzunguko kidole kinaacha uzi mmoja au kinaongeza mmoja, na msikilizaji wa Alego au Gem anasikiliza hasa yale mabadiliko madogo. Ukimwambia kwamba hilo ni ostinato, umemnyima kile anachokisikiliza.

Hemiola inatokana na Kigiriki, moja na nusu, yaani tatu dhidi ya mbili. Katika muziki wa siku za Handel utaikuta karibu na mwisho wa sentensi ya wimbo: wimbo umekuwa ukihesabu moja mbili tatu, moja mbili tatu, ghafla mapigo yaleyale sita yanapangwa mawili mawili mawili, halafu tunatulia. Utamu wake ni kwamba umetolewa nyumbani kwa muda. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na vyuma. Tatu na mbili zinaishi ndani yake kwa wakati mmoja, kuanzia mwanzo hadi miguu ichoke. Hakuna aliyetolewa nyumbani. Nyumba yenyewe imejengwa hivyo. Kuiita hemiola ni kuiona kama safari ya dakika moja kutoka kwenye hesabu ya kawaida, na kuifanya hesabu ya mtu mwingine ndiyo ya kawaida.

Na pakruok siyo kadenza hata kwa robo. Katika tamasha la Ulaya okestra inanyamaza ili mpigaji mkuu aonyeshe ufundi wake peke yake, na anapotetemesha noti yake ya mwisho kila mtu anajua okestra inarudi. Katika pakruok anayesimamisha muziki ni msikilizaji. Analipa, muziki unakatwa, anajisifu, anawasifu jamaa zake, halafu jathum anaendelea. Kimoja kinampa nafasi fundi, kingine kinampa nafasi mgeni mwenye fedha mfukoni. Tofauti hiyo ni habari nzima ya jamii mbili. Ukizibandika jina moja, unaifuta.

Hapa ndipo ninaposimama: neno lolote la muziki, la Kiitaliano, la Kijaluo au la Kiluhya, maana yake ni kile ambacho mwili unafanya linapotajwa. Karatasi ikisema jambo na mbavu zikafanya jingine, karatasi imekosea, hata kama imetoka kwenye kitabu kinene.

Nichukue mfano mmoja wa mwisho, nao ni wimbo ambao karibu kila kwaya ya huku imeuimba. Handel, Mjerumani aliyeishi London, aliandika Messiah mwaka 1741 kwa maneno ya Kiingereza na maelekezo ya Kiitaliano, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kwenye Haleluya kuna mahali besi wanaanza peke yao na maneno ya "naye atatawala milele na milele". Tenori wanaingia na wimbo uleule, kisha alto, kisha soprano. Hiyo ni tabia ya fuga, neno lenye maana ya kukimbia, mbio za mtu anayetoroka. Kwaya zetu zikifika pale huimba kama wimbo wa kuitikiana, maana kuitikiana tumekunywa na maziwa. Besi wanasema, kisha wanapunguza, kwa adabu, ili tenori wajibu. Katika kuitikiana hiyo ni heshima. Katika fuga ni kuacha kukimbia. Besi wanatakiwa waendelee na njia yao mpya wakati tenori wanawakimbilia nyuma, na mpaka soprano waingie hakuna aliyemsubiri mwenzake. Niliwaeleza hili mara nyingi bila mafanikio, hadi nilipowatoa nje uwanjani, tukaimba huku tukitembea kwa mstari mmoja, kila kundi likianza mwendo linapoanza kuimba. Besi aliyesimama aligongwa mgongoni na tenori. Hatukuhitaji kurudia.

Ile karatasi ya ukutani niliibandua mwezi uliofuata. Sikuweka nyingine. Niliwapa wanakwaya penseli na kuwaomba kila mmoja aandike kwenye kitabu chake, juu ya alama, maneno yanayomfanya afanye kitu kile sawasawa, kwa lugha yoyote. Nimevipitia vitabu vile. Juu ya p yule mama wa alto ameandika: "ishushe, miguu ileile." Juu ya legato, ambayo ni iliyofungwa pamoja, kijana mmoja wa tenori anayesuka nyavu ameandika kwa Kijaluo jina la fundo analolitumia. Besi watatu wameandika "beseni" juu ya andante. Crescendo zote sasa zina "ikikua", hata kwenye vitabu vya watu ambao sikuwapo walipoandika.

Kilichobaki wazi ni mf. Mezzo forte, nguvu ya kati, nusu ya nguvu. Mmoja alijaribu "sauti ya kawaida", na kwaya ikaimba kama watu wanaosoma matangazo. Mwingine akaandika "ya kuongea na jirani wa ng'ambo ya ua", ambayo ilikuwa nzuri kwa alto na kubwa mno kwa soprano, maana nadhani wana ua tofauti. Nimewaambia waache nafasi hiyo tupu kwa sasa. Alhamisi tutaijaribu tena.